Karatasi Katikati ya Meno

3 Aprili

Kwako binti yangu Nati,

Salamu. Natumaini u mzima na hizo lifti unazozitengeneza bado zinapanda na kushuka. Mimi ni mzima nusu. Nusu ya kushoto inakusalimu. Ya kulia bado imelala tangu kiharusi kilipoigonga, na mwandiko huu uliopinda ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo usiniambie hausomeki.

Simu zako naziona. Sipokei. Ulimi wangu unaburuza maneno kama wa mlevi, na sitaki mtoto wangu anisikie hivyo. Ukiwa na la kusema, andika.

Sanduku lako limefika. Shangazi yako alilibeba kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akakata utepe wake wa gundi kwa kisu cha jikoni. Nikadhani ni dawa. Nikadhani ni viatu. Kumbe ni pikapu! Pikapu ya kuchezea, urefu wake hautimii mkono wangu, vipande mia tatu na ushee, rimoti ya kuiongozea na kitabu cha michoro. Na kama vile hilo halitoshi, umechagua ileile. Pua ileile, taa zilezile za duara, hata bomba la moshi. Umeniuzia gari langu nililoliendesha miaka ishirini na sita, halafu unaniletea kitoto chake kwenye boksi. Nati, hiyo ni dharau au ni upumbavu? Chagua mwenyewe, mimi nimechoka kukuchagulia.

Niligusa ukuta. Sawa. Nani hajawahi kugusa ukuta? Kwa ukuta mmoja mjomba wako akaja na mnyororo akalivuta gari langu majirani wakitazama, na nilipomuuliza liko wapi akaangalia viatu vyake, akasema, "Shemeji, limeshapata mtu." Aliyempa ruhusa ni wewe. Alisema mwenyewe.

Na msidhani sijawashtukia. Yule mtaalamu wa mazoezi aliniletea mpira wa kubonyeza, nikautupa juu ya paa, bado uko huko. Sasa mmekaa mkashauriana: mtumie mzee skrubu ndogo kama punje za mchele, atachezesha vidole bila kujijua. Najua.

Fremu nimeifunga. Si kwa ajili yako. Iliachwa mezani na mimi siwezi kukaa karibu na kitu kilicholegea. Ekseli zote mbili nimefunga. Bodi, lile ganda la juu, nililijaribu kabla ya wakati wake, nikalikaza kama ninavyokaza nati ya gurudumu, likalia kwaa, likapasuka ubavuni. Plastiki takataka.

Ni mimi,
Mzazi wako

*

19 Aprili

Baba, shikamoo.

Nashukuru kusikia nusu inaendelea vizuri. Mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinama ndani ya mashimo ya lifti. Msalimie Shangazi, mwambie dawa zako za asubuhi nazijua idadi, na nitazihesabu nikija.

Kwanza bodi. Plastiki haikazwi kama chuma, kitabu kimechora mkono unaokaza kwa vidole viwili, ungekifungua ungeuona. Duka lile wana bodi jipya, limeshapigwa rangi, linang'aa. Niambie nilitume.

Pili, hilo lililokukaa rohoni. Hukugusa ukuta, Baba. Uliuangusha. Ukuta wa duka la mikate ulilala barabarani, na benchi lililokuwa mbele yake likawa kuni. Kwenye benchi lile alikuwa ameketi mama mmoja mjamzito. Aliinuka kwenda kuchukua chenji yake. Ndiyo maana leo unaniandikia matusi ukiwa nyumbani kwako, si gerezani. Mguu wako wa kulia, ulioguswa na kiharusi, haukufika kwenye breki, na kesho yake asubuhi nilisikia unamwomba Shangazi ufunguo!

Nilikasirika na bado nina hasira. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gari lisilo na breki halitoki karakanani, hata mwenyewe alie, hata alale mlangoni. Uliwafanyia watu wazima mbele ya macho yangu. Kwako sheria ikageuka dharau.

Sasa umefika kwenye gia, na gia za kitu hicho ni ndogo. Zikibanana zinanguruma na kuunguza mota, zikiachana zinakulana. Sikufundishi, nakukumbusha tu, wewe ndiye uliyenionyesha: karatasi katikati ya meno, sukuma mota mpaka iibane, kaza, kisha zungusha itoke. Ikitoka imekunjika bila kukatika, hapo ndipo penyewe.

Binti yako mwenye kichwa kigumu kama chako,
Nati

Haya nayaweka chini kabisa kwa sababu hasira hainiachi kuyaweka juu. Gari halijauzwa. Mjomba alidanganya kwa amri yangu, usije ukamvamia kudai ufunguo. Lipo uani kwake, ila anahama mwisho wa Juni, huko aendako ni padogo, na mtu anayelitaka kweli yupo. Ukitaka likusubiri upone, niandikie neno moja tu: LIBAKI. Usipoandika, nitamwambia aliachie.

*

28 Mei

Nati,

Salamu. Hali si mbaya. Shangazi yako anakusalimu na anasema usimhesabie dawa, yeye si mtoto.

Barua yako niliipata. Yote nimeyasoma. Sina la kujibu.

Gia nimezipanga. Giaboksi ina gia tatu, nimeifunga, nikaifungua, nikaifunga. Mara ya kwanza nilisahau beringi moja ndani ya kikombe cha chai. Nilipoizungusha kwa kidole ikazunguka bila kelele, nikaiweka chini, nikaenda kukaa barazani kwa sababu zangu mwenyewe.

Bodi nimeliziba. Nimekata kipande cha kopo la maziwa, nikakibandika kwa ndani kwa gundi, nikapiga msasa. Huoni ufa mpaka uambiwe. Hilo jipya unalotaka kutuma, libaki. Libaki hukohuko dukani na mng'ao wake. Gari la kazi haling'ai.

Kitabu chako kina makosa. Kinaagiza springi za nyuma ziwe na tabaka nne. Kwa uzito ule ni ujinga, linaruka kama panzi. Nimetoa moja kila upande. Waandikie wenyewe uwaambie.

Mzazi wako

*

14 Juni

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta samahani, nimekosa. Nikatafuta asante, nayo hamna. "Sina la kujibu." Mama mjamzito, benchi, mimi kukosa usingizi mwezi mzima, yote hayo hayakupi la kujibu, ila springi zina la kujibiwa!

Sawa. Neno lako nimelipata, nimelifikisha panapohusika, na sitaki kuliongelea zaidi.

Ndani ya kifurushi hiki kuna beringi kumi na nane za kuweka badala ya bushi za plastiki kwenye magurudumu na ekseli, vyuma vya usukani na gia ndogo ya mota yenye meno machache. Litapungua mwendo lakini litapanda. Skrubu za gurudumu zishikwe kwa mkono wa kulia. Ndiyo, wa kulia. Ndiyo, tulishauriana na yule mtaalamu wako. Haya, nichukie.

Nati

*

9 Julai

Binti yangu,

Salamu nyingi. Shangazi yako ana mafua, mimi sina.

Neno gani? Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijiuliza neno gani nililokupa wewe na umelifikisha wapi. Mimi nikuachie neno, kwa lipi? Unaliuza gari la mtu akiwa mgonjwa, halafu unajifanya mnapeana maneno ya siri kama wapelelezi. Usinichezee, Nati. Nimezeeka mwili, akili haijazeeka.

Beringi nimezifunga zote. Kwa mkono wa kulia, ndiyo. Ya kwanza ilinichukua asubuhi yote, niliidondosha mara kumi na nne, Shangazi akaingia chini ya meza na kutoka akinitukana. Ya mwisho ilinichukua muda wa kunywa chai. Sikushukuru. Nakupa taarifa ya kazi.

Na kwa taarifa hiyohiyo: linatembea. Nililipeleka uani, likapanda juu ya ndala za Shangazi, likapanda tofali, likapanda mfuko wa mkaa uliolala. Sikulikimbiza. Nililitia gia ya kwanza, nikaliacha litafute njia yake, tairi moja moja, namna nilivyokuonyesha ulipokuwa hata hufiki kwenye usukani. Bampa la mbele nimelikunja kidogo upande wa kushoto, unajua kwa nini. Lile kubwa lilikuwa hivyo tangu ulipolisogeza mbele mwenyewe ukiwa na miaka kumi na moja ukagonga pipa la maji. Sikukunyang'anya ufunguo siku ile. Nilikupa kitambaa ukafuta machozi, nikakwambia rudia.

Kwa kuwa umebadilisha gia ya mota, ilibidi nipange meno upya. Karatasi ninayo ileile. Ni ukanda niliouchana chini ya barua yako ya Aprili, upana wa vidole viwili. Barua ile, nikwambie ukweli, niliishia kwenye benchi. Nilipofika hapo nikaikunja, sikuweza tena. Nikachana ukanda, nikafanya kazi. Nauhifadhi kwenye kopo la skrubu. Una maandishi yako kidogo, lakini kwa gia karatasi ni karatasi.

Baba yako

*

20 Julai

Baba,

Uliniandikia "yote nimeyasoma".

Fungua kopo la skrubu. Vaa miwani. Soma huo ukanda.

Nati

*

1 Agosti

Nati,

Sikuamkii na usiniamkie.

Nimeusoma. Umekunjwakunjwa na meno ya gia, nikaunyoosha kwa kijiko cha moto kwenye kitambaa. Maneno yote yapo. Gia haikukata hata moja, nilizipanga vizuri mno, balaa langu hilo.

Gari lilikuwa uani kwa mjomba wako. Kwa miguu yangu hii mibovu ni safari ya saa moja. Aprili lilikuwepo. Mei lilikuwepo, mimi niko hapa nalikunja bampa la plastiki lifanane nalo, na lenyewe limekaa pale linaningoja niseme neno moja. Mwisho wa Juni umepita. Leo ni Agosti.

Nani anaandika jambo kama hilo chini ya saini yake? Nani? Fundi gani anaficha boliti kubwa kuliko zote chini ya sanduku baada ya kufunga mfuniko? Jambo la uhai wa mtu linawekwa juu, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Wewe ukaliweka mahali pa kufutia mikono. Kwa hasira! Hasira hiyo umeipata wapi?

Najua umeipata wapi. Usiniambie.

Na mimi nikaandika "yote nimeyasoma". Niliogopa ungejua kwamba nililia nilipofika kwenye benchi. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Yule mama namfahamu. Nilimtengenezea mumewe pikipiki. Nilidanganya mstari mmoja kuficha aibu, nikaliuza gari langu kwa mkono wangu mwenyewe, wa kushoto.

Shangazi yako ameuliza kwa nini nimelivunja kopo. Nimemwambia aende akalale. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kama kuna njia ya kumpata aliyelichukua, niambie ni nani. Sitamwomba alirudishe. Nataka kumwambia kwamba gia ya pili inataka kusubiriwa kidogo kabla ya kuingizwa, asije akailazimisha.

Baba

*

12 Agosti

Baba yangu, shikamoo.

Naanza na jambo lenyewe, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa: GARI LIPO.

Kaa chini sasa uniruhusu nikasirike.

Chukua barua yako ya Mei. Najua huna, ninayo mimi. "Hilo jipya unalotaka kutuma, libaki." Nilikuwa nimesimama juu ya lifti, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, tochi mdomoni. Nilisoma "yote nimeyasoma, sina la kujibu", nikasema basi, mzee amechagua, liende. Simu ilikuwa mkononi nimpigie Mjomba. Nikateremsha macho, nikaliona neno. Libaki.

Baba, mimi si mjinga. Nilijua unazungumzia bodi. Ulifuatisha na duka na mng'ao, hakuna aliyeweza kukosea. Nilijaribu kujidanganya kwamba labda kiburi chako kimelificha jibu ndani ya bodi la plastiki, kwa sababu ni tabia yako, lakini sikuamini hata kidogo. Ila tulikubaliana neno. Sikukwambia uliseme ukiwa unazungumzia nini. Nikampigia Mjomba, nikamwambia, "Ameandika libaki." Mengine sikumsomea.

Alinitukana. Ua jipya ni dogo, ikabidi auze mashine yake ya kukunjia bati ili gari lako liingie. Ukimwona mwamkie vizuri, na usimwambie kuhusu bodi.

Nilipata neno lako na nikakaa kimya miezi miwili nikisubiri uniulize. Hukuuliza, ukaniita mpelelezi. Na nilipokuambia usome ukanda ningeweza kuandika mstari mmoja zaidi, lipo, usiwe na wasiwasi. Sikuandika. Nilitaka uumie siku chache kama nilivyoumia mimi. Hilo nimelifanya kwa makusudi, na naliandika juu ya saini. Nisamehe au usinisamehe.

Ufunguo uko kwa Mjomba. Amri yangu kwake ni hii: mzee akae mezani kwako, afunge skrubu tatu ndogo kwa mkono wa kulia bila kudondosha hata moja. Akiweza, mpe. Yatakayofuata umwachie mwenyewe. Alinifundisha sheria ya breki kabla sijajua kusoma.

Nati wako

*

30 Agosti

Kwa binti yangu Nati,

Marahaba. Huku wazima wote, mafua yameisha, mpira umeanguka wenyewe kutoka paani.

Nilikwenda kwa mjomba wako. Nilimwamkia vizuri mpaka akashtuka. Skrubu tatu nilizifunga, akaweka nne, nikafunga nne. Akanipa ufunguo bila kuniangalia usoni.

Lina vumbi, na panya amekula kona ya kiti. Betri imekufa. Mengine yote ni yaleyale niliyoyaacha. Nilikaa, nikashika usukani kwa mikono miwili, na ule wa kulia ukashika kweli. Nilipiga kelele humo ndani, Nati, madirisha yamefungwa, peke yangu, nilimtukana kila mtu kuanzia mimi.

Halafu nikamwita mjomba wako asimame mbele ya bampa. Nikamwambia apige makofi wakati wowote apendao, na mimi nikanyage breki kabla hajateremsha mikono. Injini haikuwaka, usitetemeke. Alipiga mara kumi. Mguu ulifika mara nne.

Akasema, "Shemeji, turudie." Tukarudia. Mara nne.

Hasira niliyokuwa nayo sikuwa na wa kumtolea, kwa hiyo nimekuja nayo nyumbani na naimalizia hapa. Nachukia mguu huu. Nachukia kwamba ulikuwa na haki na mimi nikakutukana miezi mitano. Nachukia zaidi kwamba utaisoma sentensi hiyo mara tatu ukitabasamu.

Gari lisilo na breki halitoki karakanani. Ufunguo uko ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwenye ule ukanda, utaujua kwa mikunjo ya meno. Njoo na likizo yako. Usukani ni wako, mimi nitakaa kiti cha abiria, kitoto chake mapajani, na nitakukosoa kila unapogusa gia ya pili.

Ulitaka neno moja. Safari hii nazungumzia gari: libaki.

Chini ya saini hamna kitu, usijisumbue kutafuta.

Baba yako